Sauti ya Mwalimu Isipotee na Kengele

Muhula huu hapa shuleni petu pametokea jambo jipya, nalo limezua maneno mengi bwenini, katika chumba cha walimu, na hata siku ya wazazi. Mwalimu wetu mmoja wa Kemia ameanza kuyarekodi masomo yake, mengine kwa sauti tupu, mengine kwa picha za video. Wako wanaomsifu, na wako wanaosema kwamba anapoteza wakati wa kazi kwa michezo. Kwa kuwa gazeti hili ni baraza letu sote, naomba nafasi nitoe maoni yangu. Kwa ufupi ni haya: majaribio yale yasizimwe, bali yawekewe utaratibu, sauti itangulie kabla ya picha, na kilichorekodiwa kisikilizwe na watu pamoja, si na mtu mmoja pembeni.

Kwanza yafaa tueleze mwalimu huyu anafanya nini, maana wengi wanaobishana hawajapata kusikia hata somo lake moja. Chombo chake ni simu yake mwenyewe. Rekodi ya kwanza aliifanyia katika chumba cha walimu, na tulipoisikiliza tulisikia kila kitu isipokuwa Kemia: mlango unabamizwa, kuku wanalia nje, vikombe vya chai vinagongana. Basi akahamia stoo ya vitabu, akatundika mablanketi mawili ukutani, kwa sababu ukuta mtupu huirudisha sauti ikawa kama ya mtu aliye kisimani. Simu huiweka shibiri moja hivi kutoka kinywani, na huifunga isipokee mtu, maana simu ikilia katikati somo limekwisha. Tena rekodi ile ya kwanza ilikuwa ya dakika arobaini, sawa na kipindi kizima, na wasikilizaji wengi walisinzia. Siku hizi kila rekodi ni dakika kumi tu, na kila moja ina jambo moja tu. Zile za video huzipiga kwa kuilaza simu juu ya ubao uliotandazwa kati ya marundo mawili ya vitabu, ikitazama meza chini. Sisi twaona mikono yake na karatasi, hatuoni uso wake. Hayo ndiyo yanayoitwa michezo.

Sasa nije kwenye sababu zangu. Somo la darasani lina kasoro moja ambayo si kosa la mwalimu wala la mwanafunzi: kengele ikilia, somo limekwenda. Yaliyoandikwa ubaoni hufutwa, na yaliyosemwa hubaki kwa wale walioyadaka tu. Sisi wa Kidato cha Nne tulisoma miaka saba kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha tukaingia Kidato cha Kwanza tukakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayesikia neno geni hulishughulikia neno lile kichwani, na anapolipatia maana mwalimu amekwisha kusema sentensi nne nyingine. Si kwamba hana akili. Masikio yake yamechelewa njiani. Mtu huyu hahitaji mwalimu mwingine. Anahitaji kusikia maneno yale yale mara ya pili, na pengine mara ya tatu, bila kuona haya mbele ya darasa.

Yuko pia mwenzetu mmoja ambaye macho yake ni dhaifu. Hata akiketi dawati la mbele, herufi za ubaoni kwake ni kama moshi. Kwa muda mrefu aliishi kwa kunakili madaftari ya wenziwe usiku, naye huyakuta yana makosa ya wenyewe. Tangu rekodi za sauti zianze, amekuwa akizisikiliza na kuandika mwenyewe, na sasa wenziwe ndio wanaokwenda kuazima daftari lake. Wanaosema kwamba rekodi ni anasa, na wamwendee yeye wamwambie hivyo.

Nimesema sauti itangulie kabla ya picha, na hapa natofautiana na wenzangu wengi wanaopenda video. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sauti ya usemi wa kawaida, ikirekodiwa kwa kipimo cha kilobiti 64 kwa sekunde, hula karibu megabaiti 5 kwa dakika kumi. Video ya wastani, tuseme ya kilobiti 1,500 kwa sekunde, hula zaidi ya megabaiti 110 kwa muda huo huo. Maana yake kadi moja ya gigabaiti 32, ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, yaweza kubeba rekodi za sauti zaidi ya 6,000 za dakika kumi, lakini video haitafikia 300. Kisha sauti haitaki kioo wala intaneti. Wazazi wetu wengi vijijini wana zile redio ndogo zinazochomekwa kadi au flashi, ambazo huenda nazo shambani na malishoni. Mwanafunzi aliye nyumbani wakati wa likizo anaweza kusikiliza somo lake katika redio ile ile ambayo baba yake husikilizia taarifa ya habari. Video haitamfikia huko.

Hata hivyo sisemi kwamba picha haina kazi. Yako mambo ambayo mdomo hauwezi kuyaeleza hata ukisema mpaka jioni. Katika jaribio la kupima asidi kwa besi, mwanafunzi huambiwa afungulie bureti tone kwa tone mpaka rangi ya waridi ipotee. Lakini ni waridi ipi, na kupotea vipi? Maabara yetu ina bureti chache, na wanafunzi hulizunguka jaribio moja wakichungulia mabegani mwa wenzao. Katika video ya mwalimu tuliona wazi wazi: tone linaanguka, rangi inafifia pale lilipoangukia kisha inarudi, tone jingine vivyo hivyo, halafu tone moja la mwisho na maji yote yanakosa rangi. Hiyo ni dakika moja ya picha yenye faida kuliko kurasa tatu. Basi kanuni yangu ni hii: penye mwendo, rangi au umbo, tupige picha, penye maelezo, sababu na masimulizi, sauti yatosha. Historia, Uraia na Fasihi kwa sehemu kubwa ni masomo ya sikio.

Wengine hudhani kwamba mambo haya yameanza jana. La, sivyo. Thomas Edison wa Marekani aliunda mtambo wake wa kuhifadhi sauti mwaka 1877. Mwaka 1913, alipokuwa akishughulika na picha za sinema, alitabiri kwamba vitabu vitatoka mashuleni upesi, na kwamba katika miaka kumi elimu itakuwa imebadilika kabisa. Miaka zaidi ya mia imepita, na vitabu tungali navyo mikononi. Nalitaja hilo ili wapenzi wa video wasijisifu mno: chombo kipya hakikifukuzi cha zamani kwa sababu tu kinang'aa.

Lakini mfano ulio mzuri zaidi haukutoka ng'ambo, ulitoka hapa hapa kwetu. Mwaka 1973 nchi yetu iliendesha kampeni ya elimu kwa redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walijiunga katika vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza vipindi kwa muda wa wiki 12. Sikilizeni siri ya mafanikio yake. Watu hawakuachiwa redio peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kazi hiyo, na kilikuwa na kitabu kidogo cha kufuatia. Kipindi kikiisha, watu walizungumza: hapa kwetu malaria inaletwa na nini, maji yetu tunayateka wapi, tutafanya nini wiki hii? Kisha walitoka wakafyeka majani, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo. Redio ilianzisha mazungumzo, na mazungumzo yakazaa kazi. Mababu na mabibi zetu walifanya hivyo kwa redio za betri. Sisi wenye kadi za gigabaiti tunashindwaje?

Tulinganishe na mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, shule za msingi na sekondari zilifungwa kuanzia katikati ya Machi. Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni, na sisi wengine tarehe 29 Juni. Katika miezi ile masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni. Wakati huo rika letu tulikuwa shule ya msingi, na wasomaji wengi watakumbuka jinsi ilivyokuwa. Mwenye televisheni alitazama, asiye nayo alichunga mbuzi. Hata aliyetazama aliketi peke yake. Akikwama hakuwa na wa kumwuliza, na kipindi kikipita kimepita. Somo lilikuwapo, lakini kikundi na kiongozi havikuwapo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya 1973 na 2020, na haikuletwa na ubora wa mitambo.

Yuko pia Mmarekani mmoja, Salman Khan, ambaye mwaka 2004 alianza kumfundisha binamu yake hesabu kwa simu na kompyuta, kwa kuwa walikaa miji ya mbali mbali. Hakuwa mwalimu wa kuajiriwa. Kazi yake ilikuwa ya mambo ya fedha. Jamaa wengine walipoomba msaada huo, mwaka 2006 akaanza kurekodi video fupi na kuziweka katika YouTube. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba jamaa zake walimwambia wanampenda zaidi akiwa katika video kuliko akiwa hai mbele yao. Watu hucheka wasikiapo hivyo, lakini sababu yao ilikuwa ya haki: katika video waliweza kumsimamisha na kumrudisha nyuma bila kuona aibu kwamba wanampotezea wakati. Ni aibu ile ile ninayoiona darasani kwetu kila siku, mwalimu anapouliza, "Mmeelewa?" nasi sote tukajibu, "Ndiyo," hali nusu yetu hatujui hata swali lilikuwa nini.

Sasa niyajibu maneno ya wapinzani, kwa heshima.

Wasema kwamba rekodi zitawafanya wanafunzi kuwa wavivu. Mtu atalala darasani akijua kwamba somo atalikuta katika kadi. Hoja hii ina uzito, wala siibezi. Lakini dawa yake ipo. Rekodi itolewe baada ya somo, si kabla. Na asiyekuwa na maandishi ya darasani katika daftari lake asiruhusiwe kuingia katika kikundi cha kusikiliza. Mvivu alikuwako kabla ya rekodi. Zamani alinakili daftari la mwenziwe, na hakuna aliyesema kwamba madaftari yapigwe marufuku.

Wasema tena kwamba mashine itachukua nafasi ya mwalimu. Hili halinipi hofu, na nitasema kwa nini. Katika rekodi moja ya muhula huu mwalimu aliteleza ulimi: badala ya kusema kwamba maji ya hidroksidi ya sodiamu yana moli 0.1 kwa lita, alisema gramu 0.1 kwa lita. Moli moja ya kitu hicho ni gramu 40, kwa hiyo kosa lilikuwa la mara arobaini. Darasani mtu angenyosha mkono, mwalimu angecheka, angefuta, basi. Lakini kadi haina masikio. Ilirudia kosa lile usiku kucha kwa utulivu mkubwa, na bweni zima likaandika vile vile. Alipojua, mwalimu alirekodi upya, na mwanzoni mwa rekodi mpya akataja wazi kosa lake ili kila mtu asahihishe. Nilimheshimu zaidi kwa hilo. Jambo lile latufundisha mawili. La kwanza, rekodi yoyote isikilizwe na mwalimu wa pili kabla haijatolewa. La pili, rekodi haikuoni usoni; haijui kama umekunja uso au umesinzia. Mwalimu peke yake ndiye ajuaye hayo, na kwa hiyo mwalimu hataondoka.

Wazazi wengine nao wanauliza: je, sasa tuwanunulie watoto simu? Hapana, wazazi wetu. Simu haziruhusiwi bwenini, wala mimi sizitetei. Simu mkononi mwa mwanafunzi ina mengi zaidi ya Kemia ndani yake. Ninachokiomba ni kidogo kuliko simu.

Naomba hivi. Shule itafute redio tatu za kadi, moja ikae maktaba na nyingine mbili katika mabweni, zitunzwe na viranja kwa kutiwa sahihi katika daftari kama vitabu vinavyotiwa. Kila siku ya masomo, kabla ya saa za kujisomea usiku, pawe na dakika ishirini za vikundi: dakika kumi za kusikiliza na dakika kumi za kuulizana, kiongozi akiwa mwanafunzi aliyelielewa somo. Maswali yaliyowashinda yaandikwe yapelekwe kwa mwalimu asubuhi. Hapo mwalimu atajua aanzie wapi, naye hatauliza tena "Mmeelewa?" bure. Katika video, walimu waendelee kupiga mikono na vyombo tu, si nyuso za wanafunzi. Sauti au sura ya mwanafunzi isitoke nje ya shule bila yeye na mzazi wake kukubali. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na shule ndiyo mahali pa kwanza pa kujifunzia kuiheshimu.

Tena naomba sisi wanafunzi nasi turuhusiwe kurekodi, chini ya mwalimu. Mtu hulijua somo kweli siku anapolieleza kwa mwingine. Ukitaka kujaribu, chukua jambo unalodhani unalijua, kwa mfano sababu za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, ulieleze kwa dakika tano bila kutazama daftari. Utaona mahali ulipokwama, na hapo ndipo pa kusoma. Hatuna haja ya kuvizungusha vipindi vyetu duniani. Vikisikilizwa na Kidato cha Kwanza watakaokuja mwakani, vimefanya kazi yake.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu. Mwaka huu sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu na kuondoka, na shukrani za rekodi hizi zitakuwa za wadogo zetu. Lakini walimu nao huhamishwa na hustaafu. Kila mwalimu mzuri anapoondoka hapa, huondoka na miaka ya namna zake za kueleza: mfano wa sufuria na kifuniko, hadithi ya mkulima na rutuba, jinsi ya kukumbuka orodha ngumu. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha kiada, na mpaka sasa hakuna aliyeyahifadhi. Mwalimu wetu wa Kemia ameanza na dakika kumi kumi katika stoo ya vitabu, kwa simu yake na mablanketi mawili. Naomba wenziwe wasimtazame kwa mbali wakicheka. Na waingie stoo ile, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na somo moja alilolifundisha vizuri kuliko mengine yote, atuachie.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne